Koti la Ndwiga na Kijiji Kilichojaa

Runyenjes, 1987

Jumatatu, 12 Januari

Mwalimu Jedidah ameniletea daftari hili niandike vipimo vya wanafunzi wake, maana mwaka huu mimi ndiye nitakayeshona nguo za drama ya shule yao. Vipimo vitachukua kurasa chache. Zilizobaki ni zangu. Nimeshona hapa sokoni miaka mingi na watu wameniletea suruali zilizoraruka, zipu zilizokufa na lawama, lakini kurasa tupu sijawahi kuletewa. Nitaandika kwa Kiswahili, kwa sababu Kiembu changu ni cha kusema tu, nikikiandika kinanishinda.

Jina langu ni Cicily. Mume wangu ni Ireri, anapima kahawa kiwandani. Mimi ni mama wa wasichana wanne, wa kwanza ni Karimi. Hili la mwisho watu hulisema kwa kunihurumia, utadhani ni ugonjwa.

Alhamisi, 15 Januari

Nimemuuliza Mwalimu mchezo wake unahusu nini. Jedidah ni Mmeru wa kule Nkubu, alihamishiwa hapa mwaka jana, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa asiyejua kunong'ona. Alinieleza nikiwa na pini mdomoni, nikacheka nusura nimeze moja.

Mchezo unaitwa Kijiji Kimejaa. Watu wamezaana, mashamba yamegawanywa na kugawanywa tena, hadi mtu akitaka kugeuka kitandani anamwomba jirani ruhusa. Chifu anaita baraza watafute dawa. Wa kwanza anasimama: wafu wazikwe wakiwa wamesimama, kaburi lisizidi upana wa kiti. Linapitishwa, ila mzee mmoja anauliza kama atawekewa mahali pa kuegemea. Wa pili anataka kijiji kiishi kwa zamu, nusu mchana, nusu usiku, kitanda kimoja kitoshe nyumba mbili. Karani anachanganya mambo, anampa kila mume zamu ya mchana na kila mke zamu ya usiku. Mwaka unaisha bila mtoto kuzaliwa, na karani anapewa nishani. Wa tatu anasema watu wahamishiwe mwezini. Chifu anauliza, je, hati za mashamba ya huko zitatoka ofisi gani?

"Na mwisho wake?" nikamuuliza.

"Mwisho bado naupika, Mama Karimi. Chumvi haijakolea."

Haki ya Mungu, huyu mwanamke ana kichwa. Mwaka jana nesi alikuja sokoni na bango la kupanga uzazi: baba, mama, watoto wawili, wote wamevaa viatu. Watu walilitazama wakauliza viatu vile vinauzwa wapi. Jedidah yeye hana bango. Anakuchekesha tu, na ukirudi nyumbani unajikuta unahesabu vitanda.

Nilicheka mpaka nikafunga kibanda. Halafu nikakumbuka ya kwangu, kicheko kikakauka.

Jumapili, 18 Januari

Ya kwangu ni haya. Huku kwetu mtoto haokotewi jina. Msichana wa kwanza anaitwa nyanya yake mzaa baba, wa pili nyanya mzaa mama. Mvulana wa kwanza anaitwa babu yake mzaa baba. Akizaliwa mtoto wa jina lako, wewe umerudi, na siku ukifa hujaenda mbali.

Karimi wangu ni marehemu mke wa Mzee Ndwiga, baba mkwe wangu. Mzee humwita "mke wangu". "Mke wangu, leo hakuna chai?" Naye, na miaka yake kumi, humjibu: "Kwani kuni umepasua?" Mzee hucheka hadi machozi. Rwamba ni mama yangu. Igoki ni shangazi yao, na Wawira ni dada yangu. Ndwiga ndiye hayupo. Mzee ana watoto wawili tu, Ireri na dada yake, na dada yake ni sista wa Katoliki. Jina la Mzee lina mlango mmoja wa kurudia, na mlango huo ni mimi.

Leo baada ya kanisa ametamka. Mvua ya Machi ikianza kunyesha ataita wazee wa ukoo, tuketi. Ama mimi na Ireri tutafute mtoto wa tano, ama Ireri alete mke mwingine ajaribu. Alisema kwa upole, katikati ya kusifu mukimo wangu wa viazi na mahindi. Ireri aliitazama sahani yake kana kwamba imeandikwa kitu.

Kumbe Mzee hajui. Wawira alipozaliwa nilivuja damu mpaka wakaishiwa na shuka, nikapasuliwa, na daktari akamwambia Ireri waziwazi: huyu akibeba mimba nyingine, utamzika. Ireri hajawahi kumwambia baba yake. Mwanamume wa hapa hamtajii baba yake habari za tumbo la mkewe, ni aibu kuliko kumvulia nguo. Na mimi kumtajia baba mkwe? Ardhi ingenimeza. Kwa hivyo Mzee anadhani nimechoka tu kuzaa, ananibembeleza kama mtu anayebembeleza ng'ombe avuke daraja.

Naogopa. Nimeandika, basi.

Jumatano, 21 Januari

Jua kali. Sketi tatu.

Ijumaa, 30 Januari

Habari za mchezo zimeenea sokoni, na sasa kila mtu ana dawa yake ya kijiji kilichojaa. Thuranira wa buchari, muuza nyama, anasema wanene walipe kodi ya nafasi. Mama wa ndizi amemwambia basi aanze yeye. Mwingine akasema nyumba zijengwe juu ya mikahawa, watu wachume kahawa wakiwa kitandani. Shemasi wa kanisa letu, mtu mwenye watoto kumi na mmoja, alisema kwa uzito kwamba tatizo ni jirani zetu wa kule Manyatta, hao ndio wanaozaana ovyo. Tulicheka, yeye hakujua tunacheka nini.

Ninachoona ni hiki. Ukimwuliza mtu swali hili kwa ukali anakufungia mlango. Ukimwuliza kwa mzaha anavuta kiti. Mwalimu alijulia wapi jambo hili?

Jumanne, 10 Februari

Mwalimu anatafuta koti la mzee wa kijijini, koti lenye umri. Nilikuwa nalo kibandani: koti la baba mkwe, refu la kumfika magotini, la sufu ya kahawia, zito, mifuko minne. Alilinunua mwaka wa uhuru kwa pesa za kahawa yake ya kwanza, na hakuna mtu Runyenjes asiyelijua. Alikuwa ameniletea nibadilishe bitana.

Sikulitoa hivi hivi. Nilimwendea, nikamwambia, "Baba, shule inaomba koti lako waigizie."

Alifurahi. Alijaribu kuficha, akashindwa. "Waambie walitunze. Na lirudi kabla ya wazee kuja. Mtu hazungumzii jina lake akiwa amevaa sweta."

Ijumaa, 13 Februari

Mvua hakuna. Afadhali.

Jumapili, 22 Februari

Mchungaji ameomba mvua kwa sauti mpaka akakauka koo. Kanisa lote likasema amina. Mimi nilifunga mdomo. Jedidah alikuwa ameketi kando yangu, akanitazama, hakusema kitu. Kwake hiyo ni kazi ngumu.

Nikamkaribisha chai nyumbani. Mzee alikuwa kibarazani, akamwita Karimi, "Mke wangu! Mgeni amekuja na wewe umeketi?" Karimi akajibu, "Mgeni ni wako, mkaribishe." Jedidah aliweka kikombe chini. Nikamweleza, huyu ni nyanya yake. "Najua," akasema, "hata kwetu tunarudishana." Akauliza huyu ni nani, yule ni nani, na mwenye jina la babu yuko wapi. Nikasema hayupo. Akauliza kwa nini. Nikamwongezea chai.

Baadaye, njiani nikimsindikiza, nilimwambia yote. Damu, daktari, wazee, mvua. Ni mtu wa kwanza kuambiwa na mimi. Alinishika mkono hadi barabarani, na hakutoa ushauri wowote. Nilishukuru kwa hilo.

Jumatano, 25 Februari

Chumvi imekolea! Jedidah amekuja mbio na karatasi, anapunga mkono tangu kwa Thuranira.

Dawa ya mwisho ya baraza: kila nyumba izae mtoto mmoja tu. Wazee wanalia, je, majina yetu? Chifu anaamua: mtoto huyo mmoja abebe majina yote manne, babu wawili na nyanya wawili. Anazaliwa msichana. Hakuna namna, anapewa yote. Nyanya mmoja anamwita mume wangu, nyanya wa pili anamwita mimi mwenyewe, babu anamwita mke wangu, babu wa pili anadai ugoro wake. Akisalimiwa mara moja anaitikia mara nne. Akikosa anachapwa mmoja na wanaolia ni wanne.

"Umeiba nyumbani kwangu," nikamwambia.

"Nimeiba, Mama Karimi. Ukisema nirudishe, nitarudisha."

Nilifikiria kidogo. Nikasema asirudishe.

Ijumaa, 6 Machi

Leo wameonyesha mchezo kwa wazazi, kabla ya kuupeleka Embu kwa mashindano ya mkoa. Mzee alikuja mapema akaketi mbele kabisa, fimbo katikati ya magoti, amenyoa ndevu. Alikuja kuliona koti lake.

Mimi sikuwa nimefikiria vizuri. Koti liliombwa kwa ajili ya mzee mmoja wa baraza. Lakini tangu mwisho upatikane, huyo mzee wa koti amekuwa ndiye babu, anayelilia jina lake kuliko wote. Anaigizwa na kijana anayeitwa Mbaka, na Mbaka hakumwiga mtu. Koti ndilo lililomwiga. Lilivyo zito linamvuta mtu mabega mbele, na mifuko ile inamlazimu kutembea amepanua mikono. Alipojitokeza tu jukwaani, ukumbi mzima ukamwona Mzee Ndwiga.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Ndwiga huyo!" Basi. Kicheko kilichopasuka hapo sijawahi kukisikia. Mbaka akadhani ni uhodari wake, akaongeza. Akalia, "Jina langu! Jina langu litalala wapi?" na watu wakashika mbavu.

Mzee aliinuka. Hakufanya haraka. Alitembea katikati ya viti, mabega mbele, amepanua mikono, vilevile, na watu wakacheka zaidi. Hawakumcheka kwa ubaya, walishindwa tu kujizuia. Nilimfuata hadi nje. Nikasema, "Baba."

"Uliwaambia habari zangu," akasema.

Ningesema nini? Nilikuwa nimewaambia.

Jumamosi, 7 Machi

Hakula chakula changu. Alichemsha viazi vyake.

Jumapili, 8 Machi

Viazi.

Jumanne, 10 Machi

Jedidah alikuja kumwomba radhi. Mzee alimpa kiti na maziwa, akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamwambia maneno ambayo naandika kama alivyoyasema, kwa sababu yamenikaa.

"Mwalimu, nyinyi mnasema nchi imejaa. Redio inasema, chifu anasema, nesi anasema. Labda imejaa. Mimi nilizika watoto watano pale nyuma ya mgomba. Boma langu halijawahi kujaa."

Jedidah aliinamia maziwa yake. Nami nimeishi hapa tangu niolewe, nimepalilia mgomba ule, na habari ya watoto watano sikuwahi kuisikia. Nimemkasirikia mzee huyu miezi miwili. Leo hasira imenitoka, nimebaki kumwonea huruma, na huruma ni mzigo mzito zaidi kuubeba.

Alhamisi, 12 Machi

Mawingu upande wa mlima. Yamepita.

Jumapili, 15 Machi

Mchungaji ameomba tena. Mashamba yamelimwa, mbegu za maharagwe ziko tayari, kila mtu anatazama juu. Nilijaribu kusema amina kwa ajili ya maharagwe peke yake. Haikutoka.

Jumatano, 18 Machi

Tumegombana na Ireri. Nilimwambia, "Mwambie baba yako. Sentensi moja tu." Akasema hawezi. Nikamwambia yeye hushika mizani mbele ya wakulima mia na hatetemeki, itakuwaje ashindwe na mzee mmoja? Akasema, "Nikimwambia, nitakuwa nimemwambia kwamba harudi." Alilia. Mume wangu alilia akiwa amesimama, mikono mfukoni, hajui ajipanguse na nini. Nilimpa kitambaa cha sketi.

Mzee ametuma ujumbe kupitia Karimi: koti lirudi. Mvua iko karibu.

Ijumaa, 20 Machi

Mkono unauma lakini nitaandika yote.

Mvua ilianza alfajiri. Ile ya kweli, ya kupiga mabati mpaka huwezi kusikilizana. Watu walitoka nje wakiimba. Mimi nilikaa kitandani nikiisikiliza. Mlango ukabishwa, ni Mzee, amejifunika gunia kichwani. "Koti langu."

"Baba, limeenda Embu jana na wanafunzi. Leo ndiyo siku ya mashindano."

"Na wewe unaenda?"

Nilikuwa naenda, kushikiza vifungo na kurekebisha mishono.

"Basi twende. Wazee wanakuja Jumapili. Sitaketi nao na gunia."

Tulipanda gari hadi Embu, yeye mbele, mimi nyuma. Ukumbi wa shule iliyotukaribisha ulikuwa umejaa hadi madirishani, wanafunzi kutoka Meru, Kitui, kote. Nilimwomba angoje nje hadi wamalize. Akasema mtu hangoji nje kwenye mvua. Akaingia, akasimama nyuma, kandokando ya ukuta.

Nilitazamia kicheko, kikaja. Kaburi la kusimama, watu wakacheka. Karani na zamu zake, walipiga makofi hadi waigizaji wakasimama kungoja. Mbaka alipotoka na koti, hapa hakuna aliyemjua Ndwiga, walimcheka mzee yeyote tu, babu yao wenyewe. Nilimchungulia Mzee. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ametoa shingo mbele anasikiliza, kwa maana kule Runyenjes aliondoka mapema na hakujua mambo yanaishia wapi.

Mwisho ni huu. Mtoto wa majina manne anaigizwa na Alice, msichana wa kidato cha pili, mwembamba, nguo yake niliipunguza mara mbili. Wazee wanne wanamzunguka. Nyanya wa kwanza anamvika shuka lake. Nyanya wa pili anamtwika kiondo, kamba kwenye paji la uso. Babu wa upande wa mama anamvisha kofia ya manyoya na kumpa fimbo. Kila mmoja anamwita kwa jina lake na kumtuma, na yeye anaitikia, anakwenda, anarudi, anaitikia, na ukumbi bado unacheka. Halafu Mbaka anavua koti. Anamvika. Lilimfunika hadi miguuni. Alice akapiga hatua moja, mbili, akapiga magoti. Kicheko kikapungua. Akajaribu kuinuka, akashindwa. Sasa hapakuwa na kicheko kabisa, mvua tu juu ya bati. Akasema, kwa sauti ndogo kutoka ndani ya manguo yale:

"Nyinyi nyote mmerudi. Mimi nitakuja lini?"

Nililijua neno hilo linakuja, nilikuwa nimelisikia mazoezini, na bado lilinichoma. Hapo ndipo pazia lingefungwa. Lakini sauti ikatoka nyuma, ya Kiembu, kubwa:

"Mvueni hilo koti! Hamwoni mtoto anazama?"

Ni Mzee. Alikuwa anakuja katikati ya viti, gunia likimdondoka, anasukuma watu kwa fimbo. "Ni zito hilo! Mimi ndiye ninayelijua! Mvueni!" Akapanda jukwaani. Mbaka akarudi nyuma kwa woga. Mzee akainama, akamfungua Alice vifungo, kimoja kimoja, akamvua koti, akamvua kiondo, akamshika mkono akamsimamisha. Akamuuliza, "Umeumia?" Na Alice, Mungu ambariki, hakujua mchezo umeishia wapi na maisha yameanzia wapi, akamjibu, "Hapana, babu."

Ukumbi ulisimama wote. Makofi yalizidi mvua.

Hatukupata hata nafasi ya mwisho. Majaji walisema mchezo ni wa kiwango cha juu sana na mwisho wake umewagusa, lakini kanuni haziruhusu mwigizaji asiye mwanafunzi, na kwa hivyo umeondolewa mashindanoni. Jedidah alijaribu kueleza. Mwamuzi mmoja akamwambia, "Mwalimu, mtu hawezi kuigiza hivyo bila mazoezi." Nilifikiri Jedidah atalia. Alitoka nje, akaketi kwenye ngazi, akacheka mpaka akanishika bega asianguke. "Mwigizaji bora niliyewahi kupata," akasema, "na ndiye aliyenifukuzisha!" Alikuwa ameupika mchezo ule tangu Januari. Hakumlaumu Mzee hata kwa jicho. Alikwenda akamwinamia, akamwambia asante. Ninampenda mwanamke huyu na sitaona haya kuliandika.

Tulitembea kuelekea stendi. Mzee alibeba koti mkononi, hakulivaa, na mvua ilikuwa inamlowesha. Nikamwambia, "Baba, vaa." Akazidi kutembea. Baadaye akasimama chini ya paa la duka.

"Yule mtoto angekufa?"

"Ulikuwa mchezo, Baba."

"Najua ulikuwa mchezo. Sijazeeka hivyo. Nakuuliza wewe." Hakunitazama, alitazama barabara. "Ulikaa hospitali siku nyingi ukizaa Wawira. Ireri alirudi amekonda, sikumuuliza. Nakuuliza sasa. Wewe ungekufa?"

Baba mkwe haulizi neno hilo. Na mke wa mwana halijibu. Lakini tulikuwa tumetoka kulitazama jukwaani, sote wawili, limewashwa taa, halina tena pa kujificha.

"Nilikaribia kufa, Baba. Daktari alisema mwingine ataniua."

Alilikung'uta koti maji. Kisha akaliweka koti mabegani mwangu. Zito kweli. Sikuwahi kujua ni zito namna ile.

"Livae hadi stendi tu," akasema.

Jumapili, 22 Machi

Wazee hawakuja. Mzee aliwatumia habari wabaki kwao wapande.

Jumanne, 24 Machi

Tumepanda maharagwe. Ireri alipanda kando ya baba yake, mstari kwa mstari. Jioni nilimwona Mzee ameketi nyuma ya mgomba, peke yake. Sikumwendea.

Jumapili, 29 Machi

Amina. Imetoka yenyewe, kwa sauti, hata shemasi akageuka.

Jumapili, 5 Aprili

Mzee amekuja kibandani ingawa leo si siku ya kazi, akanifanya nifungue. Akatandaza koti juu ya meza.

"Kata," akasema.

Nilidhani anataka lipunguzwe. Hapana. Anataka vizibao, vinne, kimoja kwa kila msichana. Nikamwambia, "Baba, hili ni koti lako la uhuru. Nikilikata halirudi."

"Yule mwalimu wako ana akili nyingi," akasema, "lakini hesabu yake ni mbaya. Aliweka majina manne kwa mtoto mmoja, akamvunja mgongo. Mimi naweka jina moja kwa watoto wanne. Wagawane. Halitamlemea mtu."

"Na Karimi? Yeye si mke wako?"

"Atanivaa tu. Mke wangu alinivumilia na mengine."

Nilishika mkasi, mkono ukakataa. Miaka yote hii nimekata vitambaa vya watu bila kufikiri. Akauweka mkono wake juu ya wangu, mgumu, umekauka, ukinuka udongo wa shamba, tukafunga mkasi pamoja. Nililia juu ya sufu ile na hakuniambia ninyamaze.

Jumatano, 8 Aprili

Nimempa Jedidah habari. Aliketi. Akasema, "Nimeandika mchezo mzima kutafuta dawa, na yeye ameipata akiniona nimekosea." Akacheka, akapangusa miwani. Anasema mwaka ujao atauandika upya. Nikamwambia asithubutu kutuibia tena. Ataiba, namjua.

Alhamisi, 9 Aprili

Nimemaliza. Kila kizibao kimepata mfuko mmoja. Cha Wawira kinamfika magotini, kama lile koti lenyewe lilivyokuwa.

Mvua imepumzika leo, jua kali, maharagwe yameshatoboa udongo. Niliwaambia wavue, wataungua na joto, wakakataa katakata. Ireri alirudi kazini akawakuta, akasimama langoni muda mrefu. Wasichana walikuwa wametawanyika bomani, Karimi kwenye kuni, Rwamba na Igoki kwa mbuzi, Wawira matopeni. Mzee alikuwa kibarazani amevaa sweta. Akasafisha koo. Akaita, si kwa nguvu, kama mtu anayejaribu mlango kuona kama umefungwa:

"Ndwiga!"

Wakageuka wote wanne.